Kibati cha Nazi Mia

Mpiga mbiu alikuwa hajamaliza kupita kijiji cha Kiegeani, na Somoe yuko jikoni anakuna nazi, kamba za susu ya kuning'inizia vyombo zilipokatika na chungu cha vibati kikazama sakafuni hadi shingoni. Somoe alimaliza kukuna, akachuja tui, ndipo akaenda kutazama.

Vibati vilikuwa vya marehemu mumewe, Mfaume. Vita vya Wazungu vilipofunga bahari na rupia zikaadimika, Mdachi mwenye shamba kubwa la minazi alikata bati la madebe, akawa analipa kibati kimoja kwa kila nazi mia zilizofuliwa. Vilipokelewa dukani kwake tu, na duka lenyewe lilikuwa na chumvi na maneno mengi. Mfaume hakununua hata hiyo chumvi. Haba na haba hujaza kibaba, alisema. Siku moja vitageuka rupia, wakomboe minazi yao mitatu iliyokuwa rehani kwa Bwana Tahir. Mmoja ulipandwa juu ya kitovu cha binti yao, Mwanaharusi.

Waingereza walipokiteka kisiwa, Mdachi alichukuliwa na duka likapigwa kufuli. Sasa mbiu ilitangaza kuwa vibati si fedha tena, na papo hapo kila kibati kikawa na uzito wa nazi mia zake. Kwa jirani Iddi kilivunja kitanda. Watu hawakushangaa. Kazi ilishafanyika, lazima ikae mahali.

Somoe alimwendea Tahir, aliyempa muda hadi Ijumaa kulipa deni.

"Bi Somoe, Mungu anajua sikudhulumu," alisema Tahir. "Lakini vibati vyako nitampa nani?"

"Njoo upime uzito wake, Bwana Tahir. Kazi yote imo."

"Kazi naiona. Rupia sizioni."

Alhamisi akaja afisa wa Kiingereza aliyekusanya fedha za nyakati za shida. Kwao, mkalimani wake alieleza, zina kabati lake la maonyesho. Somoe alifurahi, maskini, akafukua chungu.

"Anataka kimoja tu," alisema mkalimani. "Vyote ni sawa."

"Si sawa, baba. Hiki alikifulia na homa. Hiki, kifuo cha kufulia kilimtoboa kiganja."

Mkalimani hakuona haja ya kutafsiri. Afisa alichagua kinachong'aa, akampa Somoe robo rupia. Wapagazi wanne walikining'iniza kibati kwenye mti wa kubebea, wakakibeba hadi pwani, na huko kila mmoja akalipwa rupia nzima. Hakuna aliyelalamika, maana mzigo ulikuwa mzito kweli.

Ijumaa baada ya sala, mkwezi wa Tahir alikuja kuangua nazi. Alikuwa na adabu zake, alibisha hodi kwanza. Alianza na mnazi wa Mwanaharusi kwa kuwa ndio uliozaa sana. Somoe alisimama mlangoni, akizihesabu zikianguka.

Aliposhuka, mkwezi alisema Bwana Tahir anatafuta wa kuzifua.

"Analipa nini?" Somoe aliuliza.

"Utaambiwa, bibi."

Somoe akaenda nyuma ya nyumba, akaleta kifuo, akakichimbia chini.