Barabara ya Mfano

Mhandisi aliyebandikwa jina la Mama Mashimo aliingia kwenye ukumbi wa semina Jumatatu asubuhi akiwa na flashi mfukoni, na ndani ya flashi hiyo mlikuwa na kilometa arobaini na tatu za barabara. Alizipima mwenyewe kwa wiki saba, akiwa kwenye pikapu iliyokokota kifaa cha kunasa kila mrusho wa gurudumu. Alitaka jambo moja tu: barabara hiyo iingie kwenye mpango wa matengenezo wa miaka mitano, ambao ungefungwa Ijumaa.

Kaka yake, dereva wa lori la maziwa, aliipita barabara hiyo kila siku. Mwaka huo alikuwa amekwisha kuvunja springi tatu, na ulimi wake haukuwa na breki. Alimwambia dada yake kwamba maziwa hupanda lorini yakiwa maziwa na kushuka yakiwa siagi, na kama programu yao ya kompyuta ya kupangia matengenezo ina akili kama anavyoisifia, basi na yenyewe ipande lori siku moja.

Programu ilikuwa na akili kweli. Ukiipa hali ya barabara, idadi ya magari na gharama za ukarabati, inakuambia ipi itengenezwe kwanza, na mwaka gani. Tatizo lilikuwa kwamba tangu ofisi yao ya barabara ilipoteuliwa kuwa kituo cha mafunzo cha kanda nzima, kompyuta zote zilihamishiwa ukumbini, na wote walioijua kazi walikuwa wakiifundisha. Wa kuifanya hakubaki.

Washiriki kumi na wanane kutoka nchi sita, Mama Mashimo akiwa mmoja wao, walijifunza kwa barabara ya mfano, iliyokuja pamoja na programu kutoka ughaibuni. Ilikuwa barabara iliyonyooka, isiyokatizwa na ng'ombe, yenye siku tisini za theluji kwa mwaka. Wengi wao theluji waliijua kwenye friji tu. Hata hivyo, kufikia Jumatano walikuwa wakibishana kuhusu chumvi ya kuiyeyusha, na hoja zilikuwa nzito.

Siku hiyo hiyo, wakati wa chai, Mama Mashimo aliikuta rasimu ya mpango mezani kwa katibu muhtasi. Ukurasa wa sitini na mbili ulisema: kuzoa theluji, wilaya zote. Alirudia kusoma. Kisha akalinganisha tarakimu, moja baada ya nyingine, na zile za ukumbini. Aliyeagizwa kuandaa mpango alikuwa amechapisha kilichokuwamo kwenye kompyuta iliyo mbele yake, akabandika majina ya wilaya juu yake. Barabara ya mfano ilikuwa imepangiwa miaka mitano ya matengenezo.

Akaenda na ukurasa huo kwa mkurugenzi.

"Mzee, hii theluji."

Mkurugenzi alivaa miwani, akasoma, akavua miwani. "Tabianchi inabadilika, mama," akasema. "Tusiwe wepesi wa kubeza."

Mama Mashimo aliiweka flashi mezani, na mkurugenzi akaitazama kana kwamba ingemng'ata. Mwishowe alisema kwamba kitabu cha mpango kiko kwa mjalidi kutiwa jalada, ila kama Mama Mashimo atazitumia takwimu zake kwenye mtihani wa semina wa Ijumaa, na mkufunzi mkuu akatia saini matokeo, yeye atapata sababu ya kuufungua mpango upya.

Mkufunzi mkuu alikuwa mzee mpole aliyefundisha programu hiyo katika mabara matatu bila kupanga barabara hata moja. Alimwonya kwamba majibu sahihi ni ya barabara ya mfano. Mama Mashimo alisema anajua, akaingiza flashi. Barabara yake ikatoka ya kwanza. Mzee akaangalia karatasi yake ya majibu, asione theluji popote, akampa sifuri kwa masikitiko.

Ila hakwenda kula. Alikaa na takwimu zile mpaka saa tisa. Alisema hajawahi kuona takwimu zisizo na pengo hata moja, akatia saini, kisha akaomba ruhusa ya kuzitumia kufundishia. Mama Mashimo aliitoa kwa mikono miwili, akidhani barabara inapata mtetezi.

Wiki iliyofuata theluji ilifika magazetini. Mkurugenzi aliuondoa mpango, na ili aibu ile isijirudie, alitoa waraka: takwimu za mafunzo ni marufuku kuingia kwenye mpango wowote. Mama Mashimo aliupongeza waraka huo. Siku ya tatu faili la barabara yake, alilolipeleka pamoja na matokeo yaliyotiwa saini, likarudi na mhuri: takwimu za mafunzo.

Alikwenda kueleza kwamba barabara hii ipo.

"Najua ipo," mkurugenzi akasema. "Kanda nzima inaijua. Ndiyo taabu yake."

Awamu ya pili ya mafunzo ilipoanza, Mama Mashimo, baada ya kurudia mtihani na kufaulu, alisimama mbele kama mkufunzi. Washiriki wa nchi sita walibishana kuhusu shimo la kilometa ya kumi na moja. Kaka yake, aliyeleta maziwa ya chai, alisimama mlangoni na ndoo akasikiliza, kisha akawasahihisha kwamba shimo hilo lipo kushoto ukiwa unapanda, na ukilikwepa unaingia la pili. Wote waliandika.

Kwenye ukuta, projekta ilionyesha mwaka wa tatu wa mpango wa darasani. Kilometa zote arobaini na tatu zilikuwa kijani, maana yake zimetengenezwa.

"Dada," kaka yake akauliza, "hiyo ya kijani mtu anaiingilia wapi?"

Mama Mashimo alitafuta jibu sahihi, kama ilivyokuwa desturi yake. Kisha akamwomba aiweke ndoo karibu na birika, na aangalie asije akamwaga.