Inshallah Ni Moja

Haitham alirudi Micheweni na kompyuta moja na kiburi cha watu saba. Chuoni alifundishwa kuwageuza watu kuwa nukta: kila mtu na nukta yake, kila nukta humsikiliza jirani yake, na hesabu zikishakwenda unaona mji mzima unaelekea wapi kabla wenyewe hawajajua. Kabla wenyewe hawajajua! Vijana wa siku hizi hawana haya.

Jaribio la kwanza likawa uchaguzi wa mwenyekiti wa ushirika wa mwani. Mgombea mmoja alikuwa Bi Zuweina, mama yake Yumna, na Yumna ndiye aliyemkosesha Haitham raha tangu Ramadhani. Bi Zuweina akamwambia wazi, "Kompyuta yako ikisema kweli, walete wazee wako waje kuposa."

Basi akapita nyumba kwa nyumba, wakulima mia na arubaini, akiuliza, "Utampa kura Bi Zuweina?" Wote, kwa adabu zao, wakajibu, "Inshallah." Haitham akaandika moja, moja, moja. Nukta zote zikawa kijani. Ushindi wa asilimia mia. Akapunguza mbili asionekane muongo.

Bi Zuweina akapika masufuria matatu ya pilau. Kura zilipohesabiwa, akapata kumi na moja.

"Inshallah umeiandika moja?" Yumna alicheka mpaka akashika ukuta. "Kwani weye mtoto wa wapi? Inshallah tupu ni hapana yenye adabu. Anayekubali kweli atakuuliza, 'Saa ngapi?'"

Alasiri ile ile Haitham akaenda kwa Bi Zuweina, roho mkononi. Alimkuta uani na kanga yake mpya, kakaa na masufuria yake. Mgeni hata mmoja hakutokea.

"Shikamoo, Bi Zuweina. Kompyuta haina kosa, mwenye kosa ni mie. Lakini Yumna nampenda kweli. Wazee wangu waje leo kuposa?"

Bi Zuweina alimtazama kama anavyotazamwa nzi aliyeingia kwenye chai.

"Inshallah," akasema.

Sifuri. Hii hakuhitaji kompyuta kuijua. Haitham akageuka, machozi yanamlenga, akatafuta viatu vyake, akavaa cha kulia mguu wa kushoto. Alikuwa keshafika mlangoni.

"We Haitham!"

"Naam?"

"Saa ngapi? Maana pilau hii hailali."