Mwano wa Saa Tisa

Wanafunzi wawili kutoka Malawi walipopanga jirani na kwa Mama Ritha, pale Kagongwa, yeye ndiye aliyejitwika uenyeji. Aliwapelekea michembe ya viazi vitamu na maziwa mgando, akawazungusha mtaa mzima kuamkia wazee. Tena, kwa huruma iliyopitiliza, akawaonya: "Mkisikia kelele za watu, jifungieni ndani. Machimbo yako karibu, wahuni hawakosekani."

Wiki ya pili, saa tisa alasiri, mwano ukalia, ule ukelele wa kuita watu kwenye hatari. Ng'ombe wa mzee Benjamini walikuwa wameibwa. Ukelele ulipokewa nyumba kwa nyumba, na kila mwenye miguu akatoka na fimbo, maana huku asiyeitikia mwano huhesabiwa mwizi, au mwenzake mwizi. Hilo Mama Ritha alilijua tangu utotoni, ndiyo maana hakukumbuka kulisema.

Mayala, kamanda wa sungusungu, aliwapitia watu uso kwa uso, bila haraka.

"Nani hajatoka?"

Vichwa vyote viligeukia mlango wa wageni. Ulikuwa umefungwa. Nyuma ya pazia mtu alisogea, kisha akatulia.

Fimbo zikaanza kuelekea huko. Mama Ritha akakimbia, akasimama mlangoni, mikono ameitanua.

"Hawana kosa. Ni mimi niliyewaambia wajifungie."

Mayala alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya upole kabisa.

"Kwa hiyo, Mama Ritha, wewe ulijua kwamba ng'ombe wataibwa."