Reli ya Vidole Vinne

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema ili msomaji asihangaike kumtafuta. Wenye sifa walikuwepo wengi, ila nafasi niliichukua mimi na hakuna aliyejitokeza kunipinga.

Mimi ni fundi wa milango na madirisha hapa Ngara mjini, nyuma ya soko. Shule yangu imekuwa makofi. Nilitengeneza geti likafungukia barabarani, likamwangusha padri na pikipiki yake, nikajifunza. Niliweka dirisha la choo likatazama sebuleni kwa jirani, nikajifunza tena. Kwa hiyo Mzee Sostenes wa Mabawe alipoingia karakanani na bunduki yake ya marisau ndani ya gunia, na kibali chake mkononi, nilimpokea kama mtu aliyemaliza masomo.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Elick, bunduki hii inaangalia chini.”

“Inaangalia chini yenyewe, au ni wewe unayeangalia chini?”

“Nina miaka sabini na moja. Naangalia ninapotaka.”

Shida yake ilijulikana wilaya mbili nzima. Zamani, yeye na mdogo wake Danstan walimwendea chui aliyekuwa anamaliza mbuzi. Bunduki mbili zikalia kwa pamoja, chui akaanguka na tundu moja. Danstan alihamia Bisibo, kule Biharamulo, na mpaka anaingia kaburini alisema chui ni wake. Mjane wake, Mama Jovitha, akarithi bunduki, akatafuta kibali kwa jina lake, na chui naye akamrithi.

Sostenes hakukubali. Ndipo ukoo ukaamua wapimane kwa kulenga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani. Miaka miwili walishindania Bisibo, na miaka yote miwili mzee alirudi Mabawe ameshindwa. Huu ulikuwa mwaka wa tatu na wa mwisho. Adventina, binti wa Mama Jovitha, angeolewa Jumamosi inayofuata, na mshindi wa mwaka huu ndiye angesimama ukumbini kusimulia kisa cha chui. Mwingine angenyamaza mpaka siku ya kufa.

“Sina kisa kingine, Elick,” mzee akaniambia, na hapo hakuwa anatania. “Wajukuu wakinizunguka wanasema, babu, chui. Nikinyang’anywa chui nitawasimulia nini? Bei ya mbolea?”

Mwaka jana nilikuwepo Bisibo, na kosa lake niliwahi kuliona. Uwanja wa kule ni tambarare, kisahani kinapaa. Mzee akikielekezea mtutu, mtutu unakifunika. Anaushusha kidogo ili akione, basi marisau yanapita chini yake. Kwenye simu nikawa nimeona dawa. Wenzetu wanaocheza mchezo huu huweka reli, ukanda wa chuma unaolala juu ya mtutu, jicho likapita juu yake kama gari barabarani. Reli ikiwa ndefu kwenda juu, na nyuma ikazidi mbele kidogo, jicho linakaa juu huku mtutu umeinua pua. Kisahani unakiona chote, kimekaa juu ya reli kama yai juu ya meza, na marisau yanapanda kukilaki.

“Niwekee,” mzee akasema.

Ile ya kwenye simu ilikuwa na kimo cha kidole kimoja. Mimi nikaona mzee wa heshima hawezi kupewa kidole kimoja. Nikampa vinne. Nilitumia alumini ya fremu za madirisha, nikaibana kwa vibano na skrubu. Moto sikuugusa, maana kuchomelea mtutu ni kumchimbia mteja kaburi, na hilo nililijua bila kupigwa kofi. Nikatoboa matundu ishirini na mawili ubavuni mwa reli, joto la mtutu litokee pembeni lisicheze mbele ya macho. Kisha tukagundua kwamba jicho limepanda lakini shavu limebaki hewani, halina pa kuegemea kitakoni. Nikakata kipande cha godoro, nikakifunga kwa mpira wa tyubu.

Bunduki ilipokamilika ilifanana na mgonjwa aliyefungwa shingo halafu akabebeshwa ngazi.

Tukaijaribu kwenye kiwanja cha mpira, huko chini. Visahani vinane, saba vikawa vumbi. Mzee alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Jioni hiyo niliwaambia watu wa soko zima kwamba chui amerudi Ngara.

Siku ya mashindano ilikuwa zamu ya Mabawe kuandaa. Mzee akachagua kichwa cha shamba lake, pale ukingoni mwa mlima, ili hata walio ng’ambo ya bonde waone anavyoshinda. Askari alikuja na barua ya ruhusa na hindi la kuchemsha. Katekista Frednand alikuwa mwamuzi, filimbi shingoni. Anold wa bodaboda alisimamisha pikipiki yake kwa stendi mbili, gurudumu la nyuma likizunguka hewani. Akisikia filimbi, anasukuma kisahani kwenye kibao, gurudumu linakichapa, kinakwenda zake.

Mama Jovitha alifika na bunduki yenye mtutu mtupu, kishanga kimoja cha shaba mbele cha kulengea. Akaizunguka kazi yangu mara mbili.

“Shemeji, umekuja kulenga au kupaua?”

“Hiyo ni sayansi, shemeji,” mzee akajibu.

“Na godoro? Sayansi inalala saa ngapi?”

Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote, nikijua kinachomsubiri. Akaanza yeye. Kwanza akaokota jiwe, akalirusha bondeni, akasimama kulitazama linavyoanguka. Nikamwambia Anold, “Bibi anacheza na mawe.” Kisha akapiga vitatu kati ya vitano, akakaa zake kwenye nyasi.

Mzee akaingia. Akainua bunduki begani, upepo wa mlimani ukaingia kwenye yale matundu ishirini na mawili, na reli ikapiga filimbi. Filimbi safi kabisa. Anold akaachia kisahani, kikazama bondeni mzee akiwa bado anatafuta godoro kwa shavu.

“Sijapiga filimbi!” Frednand akasema.

Mzee akainua tena. Reli ikalia tena. Anold akaachia tena.

“Anold! Unamsikiliza nani?”

“Namsikiliza aliyepuliza, katekista.”

“Nani kapuliza?”

“Bunduki,” askari akasema, akaacha kutafuna. “Nina miaka kumi na tisa kazini. Hii sijui nitaiandika vipi.”

Frednand ni mtu wa haki, akavirudisha visahani viwili. Nikaziba matundu kwa udongo mbichi, moja moja, watu wote wakinisubiri kama ninapaka plasta ikulu. Tukaanza upya.

Cha kwanza kikatoka kwenye gurudumu, kikavuka ukingo, kikaanza kushuka bondeni. Paa! Marisau yakapita juu.

“Juu!” watu wakapiga kelele.

“Fuata reli, mzee!” nikapaza sauti. “Usiogope, fuata reli!”

Naye akaifuata, kwa uaminifu ambao sijauona hata kanisani. Cha pili, juu. Cha tatu kilipopita salama, chui alikuwa ameshahama wilaya. Cha nne na cha tano alivilenga kwa ajili ya heshima tu, na hiyo nayo ikapita juu.

Mzee Sostenes akakaa chini, bunduki mapajani, godoro limechomoka upande mmoja. Akaanza kubandua udongo kwenye matundu, moja moja, na kumwona hivyo kulinichoma. Nikasimama katikati ya watu.

“Jamani, reli haina kosa! Reli hii ni ya visahani vinavyopanda. Hapa vinashuka! Ndiyo maana!”

Mzee akainua kichwa. “Kweli kabisa. Basi turudie, kule chini kiwanjani.”

“Sheria haisemi mahali,” Frednand akaanza, akifungua daftari lake. “Labda tukitazama vizuri…”

“Askari yupo, visahani vimebaki kumi na moja,” nikakazia. Nilimwona katekista analainika, nikamgeukia Mama Jovitha, aliyekuwa anapitisha kitambaa ndani ya mtutu wake bila haraka. “Mama yangu, wewe ni mtu wa kanisa, kubali haki. Kosa si la mzee. Kosa si la reli. Mwenye kosa ni mlima. Mlima ndio uliotuharibia!”

Akakunja kitambaa chake, akanitazama.

“Na huu mlima, fundi, umefika asubuhi hii na basi la Kahama?”