Bi Mkubwa Afunguliwa Uani

Gari lile liliingia katika familia kabla ya Mama Pacha kuolewa, ndiyo maana mumewe akalibandika jina la Bi Mkubwa. "Wewe ni wa pili," alimtania tangu wiki ya harusi, "na mwenzako ana wivu. Akikuona umependeza, anagoma kuwaka." Mama Pacha alicheka, akazoea kuishi na mke mwenza wa bati.

Kwanza lilikuwa la baba mkwe. Alipofariki, likaenda kwa mtoto wake wa kiume, na hakuna aliyemuuliza binti yake mkubwa kama naye alilitaka. Binti huyo, ambaye sasa alikuwa karani wa posta aliyestaafu, aliishi nyumba moja na Mama Pacha. Mume mwenyewe alikuwa mjenzi wa madaraja: miezi mitatu kazini mbali, wiki mbili nyumbani. Pacha, wasichana wawili, walikuwa shule ya bweni. Kwa hiyo siku nyingi nyumba ilikuwa na watu wawili tu, wifi na wifi, kila mmoja na sufuria yake na maneno yake ya kumeza.

Mama Pacha alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule na mapazia, na Bi Mkubwa ndiye aliyembebea majora ya vitambaa na kupeleka kazi iliyokwisha. Jumanne moja, akiwa na sare thelathini na sita kiti cha nyuma, alisikia harufu ya maji moto, kisha akaona mvuke ukifuka mbele ya kioo kama kuna mtu anapika ndani ya boneti. Akazima injini pale pale, akaomba msaada, gari likavutwa hadi gereji.

Fundi wa gereji alifungua boneti, akachungulia kwa muda usiotosha hata kupenga kamasi, akaifunga.

"Mama, injini hii imekwisha."

"Imekwisha nini?"

"Mambo ya ndani hayo, hutaelewa. Mwambie mzee anipigie, tutaongea wanaume. Kuna jamaa ananunua vyuma, anaweza kulichukua hata kesho."

Mama Pacha alimtazama. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amewapima watu mabega na viuno, na alimjua mtu anayekadiria kwa macho bila kutumia futi. Alifungua boneti tena mwenyewe, akazungusha kifuniko cha oili. Upande wa ndani ulikuwa na utando mweupe, mzito, kama chai ya maziwa iliyolala.

"Hii nini?"

"Ndiyo hiyo kuchoka, mama."

"Lifunge kamba," akasema Mama Pacha. "Linarudi nyumbani."

Ndani ya dashibodi kulikuwa na kitabu cha matengenezo cha baba mkwe, kurasa zake zimeshikana kwa grisi. Siku ile hakugusa cherehani. Alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, Bi Mkubwa mbele yake uani, akasoma kwa kidole. Oili ikigeuka rangi ya maziwa, maji yameingia. Moshi mweupe, maji yanaungua. Kati ya injini na kile kipande kizito cha juu kinachoitwa hedi kuna gasketi, karatasi nyembamba ya kuzuia maji, oili na moto visikutane. Ikiungua, vyote vitatu vinakaa chumba kimoja.

Alimpigia mumewe.

"Nataka kufungua hedi."

"Hedi ya nani?"

"Ya gari. Ya kwako nitaifungua ukirudi."

"Mke wangu, ile si suruali."

"Ingekuwa suruali ningeimaliza leo. Hii nitahitaji wiki mbili."

Mume alicheka, halafu akaona anacheka peke yake. "Haya," akasema. "Lakini dada atasema."

Dada alisema. Alisema kupitia dirisha la chumba chake, lililotazama uani, asubuhi ya kwanza Mama Pacha alipofungua koki ya rejeta, tangi la kupozea injini, na maji yenye kutu yakaanguka kwenye beseni.

"Baba alilitunza gari hili kama mboni ya jicho. Leo linapasuliwa kama kuku."

Mama Pacha akaendelea kufungua.

Alifanya kazi hiyo kama anavyofumua gauni la mtu mwingine: pole pole, akikumbuka kila mshono ulikuwa wapi. Alishona kitambaa kirefu chenye mifuko midogo, akaandika juu ya kila mfuko, na kila bolti iliyotoka iliingia mahali pake. Mipira ya maji aliifunga nyuzi za rangi. Kabla ya kuvua mkanda unaounganisha gurudumu la hedi na gurudumu la injini, alisoma onyo la kitabu mara tatu: mkanda ukirudishwa ukiwa umeruka jino moja tu, gari haliwaki, na pengine chuma kitagonga chuma ndani. Basi akachukua chaki yake ya kuchorea vitambaa, akachora alama kwenye gurudumu la juu na la chini, akaridhika.

Nati moja ya bomba la moshi ilimtesa siku mbili. Ilikuwa imeshikwa na kutu mpaka haikujulikana nati ni ipi na bomba ni lipi. Aliipaka mafuta ya kulegeza, akaisubiri, akaigonga, akaipaka tena. Siku ya pili alichomeka bomba refu kwenye mkono wa spana ili apate nguvu, akavuta kwa uzito wake wote. Spana ikateleza, ngumi yake ikagonga chuma. Ngozi ya vidole vitatu ikabaki kwenye injini.

Alikaa chini, akafumba macho, akatukana kwa sauti ndogo. Alipofumbua, wifi yake alikuwa amesimama juu yake na chupa ya dawa ya vidonda na pamba.

"Lete mkono."

Wifi alifunga vidole, akarudi ndani. Mama Pacha akaichukua spana kwa mkono wa kushoto. Saa kumi jioni ile nati ilitoa mlio kama mlango wa zamani, ikazunguka.

Lakini hedi yenyewe, baada ya bolti zote kumi kutoka, ilikuwa mzigo wa watu wawili.

"Wifi! Njoo tuinue."

"Mimi? Na mgongo huu?"

"Basi nitainua peke yangu. Ikianguka, ni ya baba yako."

Mlango ulifunguliwa haraka kuliko alivyotarajia. Wifi alikuwa amejifunga kitambaa kiunoni na kuvaa viatu vya kufungwa, kama mtu aliyekuwa tayari tangu asubuhi akingoja kuitwa. Walishika pande mbili, wakahesabu hadi tatu, wakainua. Hedi ikang'oka kwa sauti ya kubanduka, wakaiweka juu ya meza ya zamani ya kupigia pasi.

Mama Pacha akabandua gasketi, akaiinua kwenye mwanga. Kati ya tundu la pili na la tatu palikuwa pameungua, kwa upana wa ukucha wa kidole gumba.

Wifi alisogea, akavaa miwani. "Ndiyo hii tu?"

"Ndiyo hii."

"Karatasi! Karatasi ndiyo iliyotaka gari la baba yangu likauzwe vyuma?"

Ilikuwa mara ya kwanza Mama Pacha kumsikia wifi yake amekasirika na mtu mwingine.

Aliweka rula yake ya chuma juu ya uso wa hedi, akaona mwanga ukipenya katikati. Joto lilikuwa limeikunja kidogo. Akalifungua gurudumu lake la mkanda, akaliacha uani, akaikodia hedi mkokoteni hadi kwa fundi wa mashine za kuchonga vyuma, mtu mkimya mwenye masikio yaliyojaa pamba. Yeye hakumuuliza mzee yuko wapi. Aliisawazisha hedi, akampa gasketi mpya ya saizi yake, akamwazima spana yenye kipimo cha kuonyesha nguvu ya kukaza.

"Usikaze bolti moja mpaka mwisho," alimwambia. "Anza katikati, nenda nje, kushoto na kulia. Raundi tatu, kila raundi unaongeza."

"Kama kubandika pini kwenye kitambaa," Mama Pacha akasema. "Ukianzia pembeni, katikati panafura."

Fundi alitoa pamba sikio moja. "Rudia hiyo," akasema. "Nitaitumia."

Alirudi nyumbani na hedi yake, anapiga mluzi. Mluzi ukamfia mdomoni langoni. Uani, wifi yake alikuwa ameinama mbele ya Bi Mkubwa na mswaki na kopo la mafuta ya taa. Alikuwa amesugua kila kitu. Injini iling'aa. Magurudumu ya mkanda yaling'aa. Alama za chaki hazikuwepo.

"Umefanya nini?"

"Nimesafisha," wifi akasema, akitabasamu. "Uchafu ulikuwa unatia aibu."

"Umefuta alama zangu! Zilikuwa hapa, na hapa! Nitafungaje mkanda sasa? Wiki nzima, wifi! Vidole vyangu hivi! Miaka yote unanichungulia dirishani, na siku unapotoka ndiyo unakuja kuniharibia!"

Tabasamu la wifi lilishuka taratibu. Aliweka mswaki chini. Mama Pacha akategemea jibu kali, akajiandaa nalo. Halikuja.

"Nilikuwa na miaka kumi na minne," wifi akasema, akiitazama injini na si mtu. "Nilimwomba baba anionyeshe hii hapa inavyofanya kazi. Akaniambia nimletee maji ya kunawa. Nikaleta. Alipomaliza, nikaleta tena. Mdogo wangu, mumeo, akishika taa, mimi naleta maji. Nimeyaleta mpaka nikaajiriwa posta." Akajifuta mikono kwenye kitambaa. "Leo nilitaka kushika. Sikujua ile chaki ni ya maana. Nisamehe."

Hasira ya Mama Pacha ilikosa pa kukaa. Alikaa yeye badala yake, kwenye ngazi, akafungua kitabu kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Alisoma tena ukurasa wa mkanda, mstari kwa mstari. Ndipo akaona sentensi aliyoiruka kwa kujiamini na chaki yake: kiwandani kila gurudumu linatiwa mkato mdogo, na mkato huo lazima ulingane na alama iliyo kwenye chuma nyuma yake.

"Wifi. Unaona mkato wowote hapo? Mdogo, kama jino la msumeno."

Wifi alivaa miwani. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa amesoma mihuri iliyofifia, bahasha zilizolowa maji na mwandiko wa watu wenye haraka. Aliinama mpaka pua ikakaribia chuma, akageuza kichwa huku na huku akitafuta mwanga.

"Huu hapa," akasema. Kisha, baada ya muda: "Na wa chini, huu. Ulikuwa chini ya ule uchafu."

Walitazamana. Mama Pacha ndiye aliyeanza kucheka.

Waliifunga pamoja. Wifi alisoma kitabu kwa sauti ya dirisha la posta, kila neno likigongwa muhuri, na Mama Pacha akakaza. Raundi ya pili walibadilishana. Wifi alivuta spana kwa mikono miwili, midomo ameibana, na kipimo kilipofika mahali pake akasema "Aa!" kama mtoto aliyefunga goli. Mkanda ukarudi, mkato kwa mkato. Wakaizungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili, wakisikiliza. Hakuna chuma kilichogonga chuma. Wakajaza maji na oili mpya.

Jumamosi saa nne asubuhi Mama Pacha aliingia kwenye usukani, akapiga stata. Bi Mkubwa alikohoa, akatetemeka, kisha akafyatua mlipuko uliowarusha kunguru kwenye paa na kumrusha wifi nyuma ya tangi la maji.

"Tumemuua!"

"Bado." Mama Pacha alishuka na kitabu. Aliangalia nyaya nne za plagi. Moto hauendi moja, mbili, tatu, nne. Unaenda moja, tatu, nne, mbili. Nyaya zilikuwa zimepangwa kama watoto kwenye foleni. "Nani alizipanga hizi?"

Wifi alitoa kichwa. "Wewe."

"Mimi," akakubali Mama Pacha, akazibadilisha.

Mara ya pili iliwaka. Mara moja, kwa sauti nzito, iliyotulia. Lakini nyuma ukatoka moshi mweupe, ule ule wa kwenye kitabu, ukajaza ua mzima. Wifi alishika mdomo. Mama Pacha hakuzima. Maji yaliyobaki ndani ya bomba lazima yaondoke, kitabu kilisema hivyo, na yeye angekiamini mpaka sindano ya joto imwambie vingine. Wakasubiri, macho kwenye sindano. Dakika tano. Kumi. Sindano ilipanda hadi katikati, ikasimama. Moshi ukawa mwembamba, ukawa kivuli, ukaisha.

Alifungua kifuniko cha oili. Kisafi.

Alasiri mume alipiga simu. Mama Pacha aliisogeza simu karibu na boneti.

"Hiyo ni... Nani kalitengeneza?"

Wifi akaichukua simu. "Mafundi wa hapa hapa. Wawili. Na ukija kulichukua, omba kwanza ruhusa."

Jumatatu walipeleka sare, wifi kiti cha mbele, begi lake mapajani, macho kwenye sindano safari nzima. Sindano haikuhama. Waliporudi, Mama Pacha alipokata kona ya kuingia uani na kukanyaga breki, magurudumu ya mbele yalilia.

"Umesikia?" wifi akauliza.

"Nimeisikia siku nyingi. Pedi zimeisha."

Wifi hakushuka. Alitoa kitabu kwenye begi lake. Ukurasa wa breki ulikuwa tayari umekunjwa pembe.

"Wanasema tuweke mawe nyuma ya magurudumu kwanza," akasema. "Jeki inakaa wapi?"