Cheti cha Mke wa Mpiga Pasi

Mpiga pasi wa hoteli alirudi kutoka kazini saa kumi, akabandika chai na kupanga vikombe viwili. Cha pili kilikuwa cha mkewe, aliyefariki mwaka juzi, ambaye alifika kila siku chai ikichemka. Mke alikaa kwenye stuli ya dirishani na kuanza salamu: za kuamka, za mgongo, za miguu, za wenzake kazini, za jirani wa juu na kikohozi chake. Hakuwa na haraka. Hata alipokuwa hai hakuwa nayo.

Mkaguzi wa wahamiaji akaja na faili lake, akavikuta vikombe.

"Huyu wa pili nani?"

"Mke wangu. Marehemu."

"Anakaa hapa?"

"Anakuja kunywa chai tu."

Mkaguzi akaandika kwamba anakaa. Kila mkazi wa nyumba lazima afaulu mtihani wa lugha na desturi za nchi, la sivyo kibali cha nyumba nzima kinafutwa. Kufa, alisema, hakumo kwenye orodha ya udhuru.

Mpiga pasi mwenyewe alifaulu zamani. Alishajifunza kucheka bila sauti na kusalimia kwa kichwa, kama mjusi. Mkewe ndiye aliyekataa. "Salamu nusu ni kama kuvaa kiatu kimoja," alikuwa akisema. Siku alipofikishwa hospitali ameshika tumbo, alianza alivyolelewa: akamuuliza muuguzi habari za mama yake, watoto, usingizi. Muuguzi akaandika kwamba huyu amekuja kupiga soga, akamwita anayefuata. Mkewe alifia kwenye benchi, salamu hazijafika kwenye tumbo. Wakubwa wakasema utaratibu ulifuatwa. Wakubwa hawajawahi kuacha utaratibu; huwa wanaacha watu.

"Mama, watanifukuza," alimwambia mkewe sasa. "Niende wapi, na kaburi lako liko hapa?"

"Haya, baba. Usilie kwenye chai, itaingia chumvi."

Siku ya Jumanne mpiga pasi akamnyooshea kola ya gauni alilozikwa nalo, wakaenda kwenye mtihani.

"Uko hospitali," alisema mtahini. "Sema."

"Naumwa tumbo. Hapa. Sasa hivi."

Akapata alama zote. Mtahini alisema laiti wote wangekuwa hivyo.

Cheti kikatoka, kibali kikaongezwa mwaka mmoja. Jioni hiyo mkewe aliingia, akainamisha kichwa, akakaa.

"Habari za huko?" aliuliza mpiga pasi.

"Nzuri," alisema, akatazama saa ya ukutani.

Kesho yake mpiga pasi alipita hospitali. Kwenye benchi lile lile mwanamke wa kwao alikuwa ameshika tumbo, akimuuliza muuguzi habari za mama yake.

"Dada, acha salamu! Sema unapoumwa!"

Mwanamke alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyekosa malezi.

"Kaka, hata hatujasalimiana. Hujambo? Nyumbani hawajambo?"

Muuguzi alikuwa ameshamwita anayefuata.

"Hawajambo," alijibu mpiga pasi, akakaa kando yake. "Na wewe, umeamkaje?"