Usingizi wa Ngazi ya Tatu

...nzima, ndiyo, ilikuwa nzima, na hapo ndipo penye msiba wenyewe, maana mashine mbovu ingejulikana, ingetoa moshi, ingekataa kuwaka, watu wangesema imekufa na kulirudia daftari lao, lakini hii ilikuwa nzima na imelala, na aliyeilaza ni mimi... anauliza tena, Mzee Marcelo, mwenyekiti wa kamati ya zahanati, kwa upole wa mtu anayemwuliza mgonjwa panapouma, "Mayu Ernestina, wewe ndiye fundi, tuambie tu, mashine ilikuwa nzima?" na kalamu yake inangoja juu ya karatasi, kwa kuwa kompyuta hii ndiyo inayopima jokofu la chanjo na kupiga kengele joto likipanda, na nikijibu ndiyo ataandika kwamba kengele ya jokofu ililia siku mbili na Philomena akaipuuza, na Philomena ataondoka hapa akiwa na jina la muuaji, neno moja tu, ndiyo, na wala si uongo, Mshawishi hajapata kuniletea dhambi iliyovaa nguo safi namna hii... Philomena ameketi mbele yangu, muuguzi wa miaka kumi na tisa kazini, mikono imefumbana mapajani, amekwisha kusema lake na hakulirudia, kwamba nyumba yake iko hatua ishirini tu kutoka chumba cha jokofu na kengele haikulia, ingelia angesikia, na Fabian, mmoja wa wajumbe, akacheka puani, akasema hata jogoo wa parokia hupitiwa na usingizi, sembuse mtu aliyeshiba wali, wajumbe wakacheka kidogo, nami nikacheka pamoja nao, Bwana unirehemu, nilicheka... upepo wa kabla ya mvua ulizima moto wa gesi chini ya jokofu la chanjo siku ya Ijumaa, Jumapili baada ya Misa mlinzi akaukuta umezimika, akauwasha, hakumwambia mtu, na Jumatatu jokofu lilikuwa baridi kana kwamba halijapata kukosa, na chanjo ya surua iliyochemka siku mbili katika joto letu haibadiliki rangi, haivundi, hainuki, ikaingia katika mikono ya watoto kama maji matupu, na miezi mitatu baadaye surua ikaja, ikamkuta kila mmoja mlango wazi, wakaugua kumi na mmoja, mmoja akafa, na baba yake, Ngassa, ameketi pale karibu na mlango, kofia juu ya goti... wiki iliyopita mlinzi akaungama habari ya moto, na juzi nilijifungia peke yangu na mashine, nikasoma kumbukumbu zake, niliiagiza iandike joto la jokofu kila baada ya dakika kumi, nami nikakuta mistari michache tu, kila mmoja wa saa ambayo mtu aliigusa, Ijumaa saa sita na dakika arobaini mchana, na mstari unaofuata ni wa Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi, nilipoketi mbele yake tena, katikati hakuna kitu, hata nukta... siku tatu za kaburi, nikasema, kisha nikaogopa kwa kuwa nimesema hivyo... kompyuta hiyo tuliipokea kutoka kwenye kontena, maana tangu soko lifunguliwe kila kilichochakaa ng'ambo hupewa safari ya pili kuja kwetu, na ghala la chama cha ushirika lilipokufa tuliligeuza zahanati, bado linanuka mbegu za pamba mvua zikinyesha, na juu ya bati paneli moja ya jua, ndani betri moja, na masika mawingu hukaa siku nne juu ya mto Simiyu bila kutikisika, nami nimerudi kutoka chuoni Mwanza nimejaa elimu hadi shingoni, nikasema umeme huu utatosha, nikaingia katika kiini cha mfumo, pale panapoamuliwa kichakataji, ubongo wa kompyuta, kifanye nini kinapokosa kazi, nikazikuta ngazi zake za usingizi, ya kwanza kinasinzia tu, saa yake inatembea, sikio li wazi, na ya tatu kinazama, hakili umeme karibu kabisa, ila katika mashine za toleo lile hata saa yake ya ndani husimama, saa ile ile niliyoitegemea ikiamshe, kama mtu aliyeiweka saa ya kengele ndani ya ndoto yake... na kuna saa nyingine, nje ya kichakataji, ilitosha kuiagiza hiyo, mstari mmoja, au kuifunga ngazi ya tatu isifikiwe, mstari mmoja, onyo lilikuwa limeandikwa, nililisoma, nikaliona dogo, kwa sababu jioni nzima niliijaribu na kila mara iliamka, nikibonyeza, nikisoma, nikibonyeza, iliamka, sikuona kwamba kilichokuwa kikiiamsha ni vidole vyangu... betri iliyokuwa ikidumu siku moja ikadumu tatu, padre akanitaja katika matangazo, nami nikainamisha kichwa ili watu wauone unyenyekevu wangu.

Fabian anasema fundi naye amepitiwa, mtu anamnyamazisha, Mzee Marcelo anasema mwacheni afikiri... kisha Nyamizi, mfagiaji wetu, ambaye hakuitwa kwenye kikao hiki, nani amwite, yeye kila asubuhi na kila alasiri alifuta vumbi kwenye vitufe kwa kipande cha kanga, na kila alipovigusa mashine ilishtuka, ikapima joto, ikalala tena, miezi minne mkono ule uliifanya kazi niliyosifiwa mimi, hata nilipomkuta nikamkemea mbele ya wagonjwa, nikamsimulia habari ya mtu aliyenyoosha mkono kulishika sanduku takatifu lisianguke, akafa pale pale, akaniambia kwa sauti ndogo, "Naifuta tu, mayu, maana inakaa kama imelala," ... alisema, aliona, mwanamke asiyejua kusoma aliona, nami nikaandika USIGUSE kwa wino mwekundu, nikaifunika kwa kitambaa cheupe cha kufuma kama tunavyofunika kila kitu tunachokiheshimu, na Philomena nikamnyang'anya daftari la joto, nikamwambia kalamu imekwisha wakati wake, na mwezi huo huo upepo ukaja, na pale chini ya kitambaa hapakuwa na mkono wa kuigusa... nimezoea kuwacheka wale waliopaza sauti mchana kutwa kwa mungu asiyesikia, labda amelala, sharti aamshwe, na kumbe mimi nimemjenga mwingine, nikamwekea walinzi... na Kwaresima nilisimama mbele ya kina mama wa jumuiya nikawafundisha juu ya mlinzi auonaye upanga asipige tarumbeta, kwamba damu itatakwa mkononi mwake, nikawatazama usoni mmoja mmoja, nikitafuta ni nani kati yao... basi nitasema hapana, nitasema palikuwa na hitilafu ya kiufundi katika usimamizi wa hali za utulivu za kichakataji, na wataitikia kwa heshima bila kuelewa, na hakuna atakayefukuzwa, Philomena atarudi chumbani kwake na mimi kwangu, kila mtu safi... la, hicho ni kitambaa kingine, ninakifuma hapa hapa nikiwa nimeketi, wataandika hitilafu kana kwamba ilianguka kutoka mbinguni kama mvua ya mawe, na huyu aliyeketi mlangoni atakwenda nyumbani na hitilafu mkononi, alimpakia mwanawe kwenye mkokoteni wa ng'ombe kutoka ng'ambo ya Nkololo hadi hospitali ya Bariadi, akamrudisha kwa mkokoteni huo huo, na mimi sikwenda kuzika, nilisema nina kazi ya betri, na katika taarifa niliyoichapa mwenyewe aliandikwa mtoto namba arobaini na moja, wa kiume, miezi kumi na minne, na sasa ninatafuta kichwani, ninatafuta kwa bidii, nazijua ngazi zote za usingizi wa mashine ile kwa majina na kwa namba, na jina la mtoto silijui, sikuuliza, hakuna siku niliyouliza... Philomena analijua, hakika, ndiye aliyemdunga sindano, ndiye aliyekwenda matangani peke yake na kukaa siku zote, wakamtazama vibaya naye akakaa... Mzee Marcelo anasema kwa mara ya tatu, "Mayu, tunakungoja," na wote wananitazama isipokuwa Ngassa, anaangalia sakafu kama mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali, na bado ni swali lile lile na chumba kile kile, lakini sitamjibu mwenyekiti kwanza, kuna mtu nitakayeanza naye, nitamgeukia na kumwambia, Baba Ngassa, kabla sijasema nililolifanya, niambie, mwanao aliitwa nani...